Cherehani Yapanda Ndege

Dada wa kaunta aliniuliza mara mbili kama nina hakika kwamba ile ni cherehani. Nikamwambia nimekuwa fundi miaka thelathini na moja, nikishindwa kuijua cherehani basi nirudishwe darasa la kwanza. Hakucheka. Aliliinua begi langu kwa mikono miwili, akaliweka kwenye mizani, tarakimu zikakimbia na kusimama kwenye kumi na nne.

"Mama, la mkononi mwisho kilo saba."

"Kichwa cha cherehani ni chuma, mwanangu. Nikipunguze kwa kisu?"

"Itabidi liende chini, pamoja na mizigo mingine."

Sikuwahi kupanda ndege maishani, ila kupitia kioo cha ukumbi nilikuwa nimeona jinsi vijana wa mizigo wanavyorusha masanduku ya watu kama magunia ya viazi. Nilikuwa nimejiapiza kwamba cherehani yangu itakaa miguuni pangu mwanzo wa safari mpaka mwisho. Nikabembeleza. Nikasema mimi mwenyewe ni mwembamba, wachukue kilo nilizopungukiwa waipe cherehani. Nyuma yangu foleni ilianza kuguna. Mwishowe yule dada akanihurumia kwa kadiri kazi yake ilivyomruhusu: akabandika karatasi nyekundu yenye picha ya glasi, akaniahidi kwamba begi litashikwa kwa uangalifu. Likapita kwenye yale mapazia ya mpira, nikabaki nimeshika kipande cha karatasi.

Mtu mwenye akili zake atauliza kwa nini mama mzima abebe cherehani angani, kana kwamba huko aendako mafundi wamekwisha. Nitaeleza. Binti yangu, kifungua mimba wangu, anaishi mji ambao kwa basi ni siku mbili na nusu. Miezi minne iliyopita alifanyiwa upasuaji. Aliniambia wiki nzima ilipokwisha kupita, kwa simu, maneno mawili tu: "Walitoa, Mama." Titi la kushoto. Nikasema nakuja. Akasema usije. Tangu siku hiyo, kila tukiongea tunazungumzia mvua na watoto wa jirani.

Alhamisi mkwe wangu akanipigia. Huyu ni mtu ambaye maneno kwake ni ya kuvuta kwa kamba, akipiga simu mwenyewe ujue maji yamezidi unga. Akasema mke wake hajatoka nje tangu arudi hospitali, isipokuwa siku za kliniki. Anafanya kazi ya mapokezi kwenye ofisi ya bima, na likizo ya ugonjwa imekwisha. Bosi ameandika barua: Jumatatu saa mbili asubuhi asipokuwa kwenye kiti chake, kiti kinapewa mtu mwingine.

"Nimembembeleza, Mama. Anasema haendi. Anasema hana nguo."

Hana nguo! Nilimshukuru Mungu palepale, maana katika matatizo yote ya dunia hilo ndilo pekee ninalojua dawa yake. Ugonjwa ni wa madaktari, huzuni sijui ni ya nani, lakini nguo ni yangu mimi. Mkwe akanikatia tiketi ya Jumamosi. Ijumaa nikafungua daftari la vipimo, nikatafuta ukurasa wa binti yangu, nikatandaza kitambaa cha bluu iliyokoza na kukata gauni la kazini, ili nikifika iwe kuunganisha tu. Cherehani ya kuazima siwezi kushonea. Cherehani ya mtu mwingine ni kama meno ya bandia ya mtu mwingine. Hata yakikuenea, nani atakula nayo?

Kichwa nikakifungua kutoka kwenye ubao wake, nikakitia mafuta kila tundu, maana chuma kikisafiri kikavu hukwama, ndivyo nilivyofundishwa. Kisha, kwa kuwa fundi habebi kitu kisicho na kazi, sikutafuta matambara ya kukifungia. Nilikifunga kwa vile vipande vya gauni nilivyokwisha kukata. Uzito umepungua, nafasi imepatikana, kitambaa hakipati makunyanzi. Nikajiona nina akili nyingi.

Kwenye ukaguzi nilivuliwa viatu, nikavuliwa mkanda, na mkoba wangu ukarudishwa nyuma mara mbili. Askari akaingiza mkono, akatoa mkasi wangu wa kukatia.

"Mama, huu ni mkasi au panga?"

"Ni mkasi wa kazi. Nimeutumia tangu hujazaliwa."

"Basi umefanya kazi ya kutosha, uache upumzike. Hauingii ndani ya ndege."

Nikamwomba autie kwenye begi langu kubwa. Begi lilishakwenda zake. Akauweka kwenye ndoo ya plastiki juu ya rundo la nyembe na vikata kucha, na mimi nikavaa viatu vyangu kwa hasira. Hasira yenyewe haikuwa juu ya askari, ila sikuwa na mtu mwingine wa karibu wa kumkasirikia.

Ndani ya ndege nilipewa kiti cha katikati. Pembeni yangu alikaa bwana mmoja mwenye koti, mzoefu wa safari, akanionyesha jinsi ya kufunga mkanda kabla sijamuuliza. Ndege ilipoanza kukimbia nilimshika mkono, sijui nani aliniruhusu. Tulipotulia juu akaniuliza ninakwenda kwa shughuli gani, nikamwambia nakwenda kumshonea binti yangu gauni.

"Anaolewa?"

"Hapana. Anarudi kazini."

Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, nikaona kabisa hajaelewa. Nikaendelea kuongea, mimi nikiwa na hofu huwa na maneno mengi. Nikamwambia ni gauni la mikono mifupi, kola ndogo, limebana kiunoni, gauni ambalo mtu akiliona hatafikiri lolote. Ndivyo nilivyosema, hatafikiri lolote. Bwana akasema hilo ni gauni zuri, akafumba macho, akalala.

Mimi sikupata hata lepe la usingizi. Kila ndege ilipotikisika niliisikia cherehani ikigonga chini ya miguu yangu, au nilidhani naisikia. Nilikuwa naogopa, na si kuanguka. Niliogopa kufika. Miezi minne nilikuwa nimemweka binti yangu kichwani vile alivyokuwa, mzima, anacheka mdomo wazi, na nilitaka abaki hivyo hivyo. Nimepima vifua vya wanawake wa kila namna, vikubwa, vidogo, vilivyochoka kwa kunyonyesha, na sijawahi kukwepesha macho. Cha mwanangu nilikuwa nakiogopa.

Begi langu lilitoka la mwisho kwenye ule mkanda wa mizigo. Lilikuja limelala kifudifudi, ile picha ya glasi imefichwa chini, na ubavuni lina doa jeusi la ukubwa wa sahani. Nikaligusa, nikanusa vidole. Mafuta ya cherehani.

"Imevunjika, Mama?" mkwe wangu akauliza baada ya salamu.

"Cherehani haivunjiki," nikamjibu kwa ukali ambao hakustahili. Akalibeba begi mpaka kwenye gari, mafuta yakimchafua suruali.

Wanakaa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule. Binti yangu alifungua mlango kabla hatujagonga. Alikuwa amevaa sweta la mumewe, refu mpaka mapajani, na nje jua linachoma. Alinikumbatia kwa bega moja tu, la kulia. Nikamwambia amependeza. Akaniambia nimekonda. Wote wawili tulikuwa tunasema uongo, tukakimbilia begi kama watu waliookolewa.

Tukalifungua juu ya meza ya kulia chakula. Cherehani yenyewe ilikuwa salama, mkono wake unazunguka vizuri. Lakini kichwa chini miguu juu, kwa saa tatu na zaidi, mafuta yote niliyotia yalikuwa yametoka kwenye matundu na kutafuta pa kwenda. Mgongo, sketi, mikono, vyote vimelowa. Kipande cha mbele ndicho kilichokuwa kimezunguka tumbo la cherehani, na ndicho kilichokunywa zaidi. Fundi wa miaka thelathini na moja! Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemtia kofi.

"Labda sabuni itatoa," binti yangu alisema. Alikitandaza kile kipande, akakinyoosha kwa viganja. Ndipo akaona alama zangu za chaki: mikunjo miwili ya kifuani, kushoto na kulia, sawasawa kama mapacha. Alizitazama kwa muda. Kisha akavuta mfuko wa nailoni uliokuwa ndani ya begi, chini kabisa, akatoa sponji. Ilikuwa moja. Nilikuwa nimeikata mwenyewe, nikaifunika kwa hariri na kuishona kwa mkono, mishono midogo ambayo huioni mpaka uvae miwani.

"Hii ni nini, Mama?"

"Sponji."

"Naona ni sponji. Ya nini?"

Nikajitia hamnazo. Nikasema ni ya kusawazisha tu, nguo ikae vizuri, mafundi wote wanafanya hivyo.

"Hospitali walinipa nzuri kuliko hii. Iko kabatini."

"Sasa mbona huivai?"

"Kwa sababu inakwaruza kovu. Na kwa sababu kila nikiivaa watu wanashusha pumzi. Huyu anashusha pumzi," akamwonyesha mumewe kwa kidevu, "daktari anashusha pumzi, jirani naye. Kama vile nilikuwa nimeondoka, sasa nimerudi. Mimi sijaondoka, Mama. Niliposema sina nguo, nilikuwa nasema sina nguo ya huyu aliyeko hapa. Zote za kabatini ni za yule wa zamani. Na wewe umepanda ndege kuniletea nyingine ya yule yule."

Mama mwenye busara angenyamaza. Lakini nilikuwa nimechoka, mkasi wangu umebaki kwenye ndoo, kitambaa changu kimeharibika, na mdomo wangu haujawahi kunisubiri. Nikasema, "Kwa hiyo utakaa pale mapokezi hivyo hivyo, watu wakutumbulie macho?"

Mkwe wangu alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini polepole sana.

"Aibu ni ya nani?" binti yangu akaniuliza. "Yangu au yako? Si wewe uliyetulea na mficha maradhi kifo humuumbua? Mimi sikuficha. Nilikwenda, nikakatwa, nikapona. Sasa mnataka nianze kuficha." Akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Ningefurahi kama angeubamiza.

Nilishinda bafuni nikifua vile vipande kwa sabuni ya kipande, ya unga, na ya vyombo. Mafuta yalipauka, yakasambaa, hayakutoka. Nilisugua mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, na kila niliposugua nilisikia lile swali. Aibu ilikuwa yangu. Nasema hapa waziwazi kwa sababu siku ile sikuweza kulisema: niliona aibu mwanangu kupungukiwa, kama vile ni mimi niliyemshona vibaya, nikapeleka bidhaa sokoni yenye kasoro. Nilitaka kuziba watu wasione. Nilitaka nisione mimi.

Mkwe wangu alinikuta nimekaa ukingoni mwa beseni. Alisimama mlangoni, anatazama bomba.

"Ni kweli, Mama," alisema. "Huwa nashusha pumzi. Sikujua kwamba anaona."

Nikampa kile kipande cha mbele, akakianika.

Jumapili baada ya chai mlango wa chumbani ulifunguliwa. Binti yangu alitoka na gauni la kijivu mkononi. Niliujua mshono kabla sijalijua gauni: nilimshonea mwaka alioajiriwa, siku zile akinisumbua kwa simu kwamba kola iwe ya duara. Akalitupa mezani kando ya cherehani.

"Lipunguze upande wa kushoto," alisema. "Lilale."

"Nitalikunjia ndani. Nitaacha akiba kidogo, kama..."

"Usiache akiba, Mama. Kata."

Labda mtu asiye fundi hataelewa. Sisi hatukati mpaka mwisho. Mteja hunenepa, hukonda, huzaa, kwa hiyo ndani ya kila mshono tunaacha kitambaa kidogo cha kesho. Nimefundisha wanafunzi tisa, na jambo la kwanza ninalowafundisha ni hilo. Gauni lisilo na akiba ni gauni la mtu ambaye hatabadilika tena. Nilisimama nimeshika ukingo wa meza nikitafuta maneno ya kumbishia, na yeye akanitazama, hakuwa na hasira tena, amechoka tu.

"Halitarudi," alisema.

Kisha akavua sweta.

Kovu lilianzia karibu na kwapa, likakatiza kifua, limenyooka mwanzoni na kujikunja kidogo mwishoni, na pale mwishoni lilikuwa bado bichi. Macho yangu yakaanza kuhesabu mishono, maana ndiyo kazi yangu, wakati moyo unaniambia huyu ndiye yule uliyemnyonyesha kifuani pako, sasa cha kwake kimekatwa, na wewe ulikuwa nyumbani unashona pindo za watu. Nikazungusha futi. Mafundi tuna mazoea ya kutaja kipimo kwa sauti ili kisipotee. Nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Binti yangu akainamisha shingo, akaisoma futi mwenyewe.

"Thelathini na nne," alisema.

Nikalia. Sikulia kistaarabu, nililia kwa sauti, mpaka mkwe wangu akatoka jikoni na kurudi tena jikoni. Nikamwambia mwanangu anisamehe kwa lile neno la jana. Akaniacha nilie juu ya bega lake hadi nilipomaliza, kisha akanifuta uso kwa lile sweta.

"Shona, Mama. Kesho haisubiri."

Nilifumua mshono kwa wembe wa mkwe wangu. Mkasi wenyewe ulikuwa wa jikoni, wa kufungulia pakiti za maziwa, unaotafuna kitambaa badala ya kukikata, na kipande kile cha kijivu kilipodondoka sakafuni nilikitazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Cherehani niliizungusha kwanza juu ya tambara mpaka ikaacha kutema mafuta. Palipohitaji mikono yangu miwili, mkwe alikaa pembeni akanizungushia mkono wa cherehani, polepole, kwa uoga, kama anayebembeleza kitoto. Mara tatu nilifumua na kurudia. Sijawahi kupata shida hivyo na gauni: upande mmoja una mwili niliouzoea, upande wa pili ni bapa, na kola ya duara lazima ikae katikati bila kuvutwa.

Saa kumi jioni alilivaa. Lilimkaa bila kunyanzi hata moja. Kulitazama kulikuwa kunaniuma, nasema ukweli. Macho yangu yalikuwa yanakwenda upande ule yakitafuta kilichokosekana, yanakikosa, yanakwenda tena. Yeye alijitazama kwenye kioo, mbele, ubavu, mbele. Mumewe alisimama nyuma yake, naye nikaona anajizuia hata kupumua.

"Zuri," binti yangu alisema. Hakutabasamu.

Jumatatu saa moja kasoro tulishuka ngazi, mimi na yeye. Mumewe alitaka kutupeleka kwa gari, binti yangu akakataa; alisema anakwenda kazini kwa basi kama siku zote. Nilikuwa nimemtolea mtandio, huo pia alikuwa ameukataa. Mikono yake ilikuwa baridi, na mlangoni pa jengo alisimama muda mrefu, amelishika komeo, hata nikadhani anarudi juu. Nikaanza kuomba kimoyomoyo. Kisha akatoka.

Nilimfuata sambamba. Mkoba wangu nilikuwa nimeukumbatia juu kifuani, bega limetangulia kidogo. Sikupanga. Miguu yenyewe ilinipeleka kushoto kwake, na kila aliyekuja mbele yetu nilimkata jicho kabla hajamfikia yeye. Kituoni palikuwa na watu kama ishirini. Kila mtu alikuwa na hamsini zake, isipokuwa mwanamke mmoja mwenye kikapu, aliyetutazama, akatazama pembeni, akatazama tena. Nikasogea mbele zaidi, nikamziba mwanangu kabisa.

Binti yangu alinishika bega. Akanivuta taratibu, akanizungusha nyuma yake, akaniweka kulia.

"Simama huku, Mama," alisema.

Nikasimama huku. Yule mwanamke alikuwa bado anatazama, na basi lilikuwa halijafika.